Mwenye nyumba hanilipi: nitafute wakili wa namna gani?

SWALI: Mimi ni mkandarasi mdogo Dodoma. Nimemaliza nyumba, mwenye nyumba anakataa kulipa awamu ya mwisho. Je, naweza kuweka zuio kwenye kiwanja chake? Na wakili nimpateje?

JIBU: Pole, fundi. Tuanze na zuio. Zipo nchi, kama Marekani, ambako sheria za majimbo humpa mkandarasi haki juu ya jengo lenyewe hadi alipwe. Tanzania, deni la ujenzi peke yake halikupi haki juu ya ardhi ya mtu; msingi wa dai lako ni mkataba. Usifunge mlango wala kung'oa mabati, usije ukageuka mshtakiwa.

Tafuta wakili aliyezoea kesi za ujenzi, na uhakikishe leseni yake ni hai kupitia mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Muulize: amewahi kusoma mchanganuo wa gharama na hati za malipo? Gharama zake ni kiasi gani, na zinajumuisha nini? Makubaliano yawe ya maandishi.

Nenda na mkataba, usajili wako wa Bodi ya Makandarasi, picha, risiti, na ujumbe wa simu ulioagiza kazi za nyongeza. Kama mkataba una kifungu cha usuluhishi, huenda mkaanzia kwa msuluhishi kabla ya mahakama. Mara nyingi hatua ya kwanza ni barua ya madai, na wengine hulipa hapo hapo.

Usichelewe: ukomo wa madai ya mkataba ni miaka 6.