SOMO LA ROBO HII: Penseli, Kompyuta na Mwanafunzi Aliyejiona Hawezi Kuchora



Kamati za vijana za sharika zinapoleta maombi ya mafunzo ya kompyuta, swali la kwanza huwa, "Zitanunuliwa ngapi?" Wafadhili nao huuliza, "Baada ya mwaka mmoja tutaona nini?" Ni maswali ya haki. Lakini yapo mengine mawili ambayo sisi waratibu wa miradi tumechelewa kujiuliza: mwanafunzi aanze na nini mkononi, na ni nani tunayemwambia kwamba hafai?

Katika somo hili tunayatazama maswali hayo kupitia mwanafunzi mmoja wa Marekani, Ed Catmull, aliyejifunza kutengeneza katuni zinazotembea, kwanza kwa penseli na baadaye kwa kompyuta.

1. Alianza na karatasi

Catmull alizaliwa mwaka 1945 na kukulia Salt Lake City, katika jimbo la Utah. Utotoni alitazama vipindi vya Walt Disney kwenye televisheni, akatamani kuwa mchoraji wa katuni. Hakuwa na mashine yoyote. Alitengeneza vijitabu vya kupekua. Katika kila ukurasa unachora mtu yule yule, ila unambadilisha kidogo tu. Ukipekua kurasa haraka kwa kidole gumba, mtu huyo anatembea.

Sinema nayo hufanya kazi kwa namna hiyo hiyo. Picha 24 hupita mbele ya macho kila sekunde. Wachoraji wa katuni mara nyingi huchora 12 kwa sekunde, na kila mchoro hupigwa picha mara mbili. Kwa hesabu hiyo, dakika moja ya katuni inahitaji michoro 720.

Katika kazi hiyo mwanafunzi hujifunza kutazama. Mpira unaodunda, kwa mfano, hupunguza mwendo unapofika juu, kwa hiyo hapo michoro yake hukaribiana. Unaposhuka kwa kasi, michoro huachana. Mchoraji huubonyeza kidogo unapogusa ardhi ili uonekane laini. Asiyeubonyeza atapata kitu kinachofanana na jiwe.

2. Alipojiona hafai

Alipofika sekondari, Catmull aliona kwamba hachori vizuri kiasi cha kuifanya kazi hiyo. Akaiacha ndoto yake. Alisoma fizikia na sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Utah, akahitimu mwaka 1969.

Hapa tunapaswa kukiri jambo letu wenyewe. Katika usaili mmoja tuliwapa vijana karatasi, tukawaambia wachore ng'ombe. Waliochora vizuri tuliwachukua, waliobaki tuliwarudisha nyumbani. Kijana mmoja alisimama mlangoni akauliza kama anaweza kukaa nyuma na kutazama tu. Tulimkatalia, kwa kuwa viti vilikuwa vimekwisha. Katika taarifa yetu tuliandika kwamba usaili ulikwenda vizuri. Hatukumwona tena.

3. Mkono wa plasta

Baada ya kufanya kazi kwa muda mfupi, Catmull alirudi chuoni hapo kwa masomo ya juu. Walimu kama Ivan Sutherland na David Evans walikuwa wakitafuta namna ya kuifanya kompyuta itoe picha, na fedha za utafiti za serikali ya Marekani ndizo zilizowasaidia. Mwaka 1972 Catmull aliamua kutengeneza filamu fupi ya mkono unaofungua na kufunga vidole. Alitumia mkono wake mwenyewe wa kushoto.

Alianza kwa kuutumbukiza mkono katika plasta, ile inayofungwa mtu aliyevunjika mguu. Alisahau kuupaka mafuta ya mgando kwanza, hivyo alipoutoa, vinyweleo vya nyuma ya mkono viling'oka. Alijaza plasta nyingine ndani ya umbo lililobaki, akapata sanamu ya mkono wake. Juu ya sanamu hiyo alichora mistari myeusi kama wavu, vipande vidogo 350 vya pembetatu na vya pembe zaidi ya tatu. Kisha alipima mahali pa kila kona na kuingiza vipimo hivyo katika kompyuta.

Tuliposoma habari hii tulisimama hapo. Kijana aliyejiona hawezi kuchora alichora, tena kwa mkono, juu ya mkono wake mwenyewe. Kompyuta haikumwondolea kazi ya kutazama. Ilimtaka ajue kila kona ya kiungo alichokuwa nacho tangu kuzaliwa.

4. Miaka ya kungoja

Catmull alipata shahada ya uzamivu mwaka 1974. Lengo lake lilikuwa filamu ndefu, nzima, iliyotengenezwa kwa kompyuta. Mwaka 1976 ule mkono ulionekana kwa muda mfupi katika filamu iitwayo Futureworld. Mwaka 1986 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Pixar. Filamu aliyoikusudia, Toy Story, ilitoka mwaka 1995, zaidi ya miaka 20 baada ya mkono wa plasta.

Penseli haikuachwa njiani. John Lasseter, aliyeongoza filamu hiyo, alifunzwa kuchora katuni kwa mkono. Mwaka 1987 aliandika makala akieleza kwamba kanuni za wachoraji wa karatasi, kama ile ya mpira kubonyea, zinatumika vile vile katika katuni za kompyuta.

Mwaka 2011 filamu ya mkono iliingizwa katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Catmull naye ni mmoja wa wawili waliopewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2019, ambayo ni heshima kubwa kuliko zote katika sayansi ya kompyuta. Mfadhili ambaye angedai matokeo mwishoni mwa mwaka 1973 angeonyeshwa sanamu ya plasta na filamu ya dakika chache.

5. Na sisi je?

Kazi hii haiko mbali nasi. Tinga Tinga Tales, katuni zilizofuata mtindo wa uchoraji ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga wa Tanzania, zilitengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010. Ubongo Kids, iliyotengenezwa Dar es Salaam, ilianza kufundisha watoto hesabu kwa katuni kwenye televisheni mwaka 2014. Kwa hiyo vijana wetu wana mahali pa kutazamia.

Kwa upande wetu, katika usaili ujao hatutawaambia vijana wachore ng'ombe. Tutampa kila mmoja daftari na juma moja. Hata hivyo, viti havitaongezeka kwa sababu ya somo hili, na wengine tutawarudisha tena. Ndiyo maana tunaomba kamati zijadili yafuatayo.

Zoezi la kikundi

Chukueni daftari dogo. Katika pembe ya kila ukurasa, kwa kurasa 24, choreni mpira unaoanguka na kudunda. Pekueni. Mahali mpira unaporuka ghafla au kukwama, tafuteni ni ukurasa gani uliokosewa, mchore upya.

Maswali ya kujadili

1. Katika usharika wenu, ni kijana gani aliyeambiwa hafai, na nani alimwambia?
2. Kama fedha zinatosha kompyuta mbili tu, wanafunzi wengine wafanye nini mkononi wakati wakisubiri zamu?
3. Ni jambo gani dogo, kama ile sanamu ya plasta, ambalo kamati ingekubali kulipokea kuwa matokeo ya mwaka wa kwanza?