PUPA, IMANI NA BANGI



Kijana akijulikana kuwa anavuta bangi, wengine husema, "Ndivyo alivyozaliwa." Wengine husema, "Akitaka ataacha kesho." Yafaa tujue kwamba kauli hizi zote mbili zina upungufu.

1. Tabia ya pupa
Sisi tuliofundisha chuo cha ualimu twajua kwamba kila darasa lina mtoto anayejibu kabla swali halijakwisha. Pupa si ugonjwa. Mwaka 2004 wataalamu wa Australia, Dawe, Gullo na Loxton, waliigawa sehemu mbili. Ya kwanza ni tamaa ya raha: mtu huvutwa upesi na kinachopendeza. Ya pili ni kukurupuka: mtu hutenda kabla ya kupima mwisho wake.

2. Imani juu ya bangi
Hapa tunasema juu ya yale anayoyasadiki mvutaji. Mmoja husadiki kwamba bangi humpa nguvu za kulima, mwingine kwamba humwondolea woga. Mwenye tamaa ya raha hushika upesi habari za utamu, na za uchungu huzisahau.

Iko imani nyingine, ambayo Albert Bandura aliieleza mwaka 1977: mtu kusadiki kwamba aweza kutenda jambo. Mwenye kukurupuka, akiisha kushindwa mara nyingi, husema, "Mimi siwezi kukataa." Basi akipewa, hupokea. Watafiti wa Brisbane, waliochunguza watu waliofika kutibiwa bangi, wameona kwamba pupa hupitia katika imani hizi mbili.

3. Matibabu
Hapo ndipo penye tumaini. Tabia ya kuzaliwa ni ngumu kubadilika, lakini imani hufundishika. Tusitazamie dawa kama methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011. Hiyo ni ya waliozoea heroini. Tiba ya bangi hasa ni mazungumzo na mazoezi. Mshauri humsaidia mtu kulinganisha alichotazamia na kilichompata kweli. Kisha humzoeza kukataa: maneno ya kusema, na njia ya kupita asikutane na wenzake wa kijiweni.

Tena aambiwe mapema kwamba siku za kwanza atakosa usingizi, atakuwa na hasira, na chakula hakitapendeza. Kwa wengi hali hiyo hupungua baada ya wiki mbili hivi. Asiyeambiwa husadiki kwamba mwili wake hauwezi kuishi bila bangi, naye hurudia. Lakini akianza kuona au kusikia yasiyokuwapo, apelekwe hospitali mara moja. Asifungwe kamba nyumbani.

4. Sehemu yetu
Liko neno tunalolitumia sana: "Huyu ameshindikana." Kijana akilisikia kwa baba, kwa mama na kwa majirani, mwisho hulisadiki. Kumbe tunamfundisha imani ile ile ambayo mshauri anajitahidi kuing'oa. Akikaa siku tatu bila kuvuta, tumwambie, "Umeweza siku tatu." Hiyo si sifa ya bure, ni ushahidi ambao hawezi kuukana.

Maswali ya kuzungumza
(a) Vijana wetu wanasadiki nini juu ya bangi, na wamefundishwa na nani?
(b) Aliyerudi kutoka kwenye matibabu tunampokeaje?
(c) Ni kazi gani tunaweza kumpa wiki hii, ili aone kwamba aweza?