SOMO LA VIKUNDI: Vyuma Vidogo vya Jahazi la Mfano



Vikundi vinavyochonga majahazi madogo ya kuuza vimekuwa vikituuliza swali moja: mbona kazi ya jirani inanunuliwa na yetu inakaa dukani mpaka inashika vumbi? Mbao ni nzuri, tanga limeshonwa vizuri, rangi ipo. Tukaomba tuletewe chombo tukitazame. Ukikitazama kwa mbali ni jahazi kweli. Sasa kigeuze uone nyuma. Usukani umening'inizwa kwa misumari miwili ya viatu iliyopindwa. Nanga ni ndoano ya kuvulia samaki. Pete ya kufungia kamba imetolewa kwenye mnyororo wa funguo. Mnunuzi akishika chombo, kitu cha kwanza anachofanya ni kuugeuza usukani kwa kidole. Usukani ukikwama au ukitoka, anatabasamu, anakirudisha mezani, anaenda zake.

Kwa hiyo mwezi huu somo letu ni vyuma: usukani unavyoshikwa, pete, vichwa vya misumari na nanga. Ni vitu vidogo, lakini hapo ndipo bei inapoamuliwa. Vikundi vya bara msifunge gazeti. Anayetengeneza baiskeli za waya au matatu za mbao atakuta kazi ni ile ile.

Jambo moja kabla hatujaanza. Kama mnachonga mtepe, somo hili halihusu chombo hicho. Mtepe ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, haukupigiliwa misumari. Ukiupamba mtepe kwa vichwa vya shaba umeuharibu, na mnunuzi anayejua atakucheka. Wenye shaka waende wakatazame mifano ya vyombo katika jumba la makumbusho la Lamu. Sisi hapa tunasema juu ya jahazi na mashua.

Kipimo kwanza

Makosa mengi hayatokani na mikono mibaya bali yanatokana na kukadiria kwa macho. Chagueni kipimo kimoja, mkishike. Sisi tunapendekeza moja kwa ishirini, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi: kila milimita moja ya chombo kidogo ni sentimita mbili za chombo kikubwa. Jahazi la mita 12 linakuwa sentimita 60, ambalo bado linabebeka.

Nendeni ufuoni maji yakiwa yamekupwa, mtafute jahazi lililolala juu ya mchanga. Mwombeni nahodha ruhusa kwa heshima, maana chombo ni nyumba ya mtu. Chukueni futi na daftari. Pimeni upana wa ukanda wa chuma unaoshika usukani, urefu wake, unene wa kidole chake, upana wa pete, ukubwa wa kichwa cha msumari na nafasi kati ya msumari na msumari. Andikeni kila kitu kwa sentimita, kisha gawanyeni kwa mbili, mpate milimita za kwenu. Ukanda wa sentimita 6 unakuwa milimita 3. Kamba ya sentimita 2 inakuwa milimita 1.

Mkishajua hivyo mtaona ubaya wa misumari ya dukani. Kichwa cha milimita 3 kwenye jahazi lenu ni sawa na kichwa cha sentimita 6 kwenye jahazi la kweli, yaani kipana mara mbili ya kifuniko cha soda! Hakuna fundi wa Lamu aliyewahi kupigilia msumari wa namna hiyo.

Shaba itoke wapi

Tunatumia shaba nyekundu kwa waya, na shaba ya manjano kwa bapa. Chuma chenyewe kinashika kutu upesi huku kwetu pwani, tena ni kigumu kwa mkono.

Waya wa stima wa nyumbani ulioandikwa 1.5, ule wenye uzi mmoja ndani, una unene wa milimita 1.4 hivi. Ulioandikwa 2.5 ni karibu milimita 1.8. Mkitaka mwembamba zaidi, nendeni kwa fundi anayesuka mota upya, mumwombe vipande vya mwisho wa kazi. Anazo za kila unene. Waya wa mota umepakwa vanishi, lazima ikwanguliwe kwa msasa kabla ya kulehemu. Shaba ya manjano mtaipata kwenye mabamba ya vitasa vya zamani na bawaba. Bapa la nusu milimita linatosha.

Hapa tunasema wazi. Msinunue shaba ya mtu msiyemjua anayekuja jioni na gunia. Waya nyingi za namna hiyo zimekatwa kwenye nyaya za stima na za simu, na hasara inarudi kwetu sisi wenyewe, zahanati inakaa gizani. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inataka mfanyabiashara awe na leseni, na mnakumbuka Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa kwa sababu ya uharibifu huo. Mwekahazina aombe risiti hata kama ni ya kilo moja, aihifadhi.

Jambo la pili: msichome waya ili kutoa plastiki. Moshi ule ni sumu, unaunguza mapafu, na watoto ndio huwa karibu na moto. Chaneni kwa kisu. Ni polepole, ndiyo, lakini mita mbili za waya zinatosha jahazi zima.

Kulainisha

Shaba ukiigonga au ukiipinda inakuwa ngumu, halafu inavunjika. Dawa yake ni moto. Iweke juu ya makaa mpaka iwe nyekundu iliyofifia, ukiitazama kivulini maana juani hutaiona rangi. Kisha itumbukize majini. Vijana waliozoea kufua visu watashangaa, kwa sababu chuma cha kisu kikifanyiwa hivyo kinakuwa kigumu. Shaba ni kinyume, inalainika. Kila ikigoma, rudi motoni. Waya uliolainishwa ufungeni upande mmoja kwenye vaisi au mti, mvute upande wa pili kwa plaisi mpaka mhisi umelegea kidogo. Utanyooka kama uzi wa gitaa.

Vyuma vya usukani

Hii ndiyo kazi yenyewe, tusiharakishe. Usukani unashikwa na vitu viwili. Kwenye fashini, ule mti wa nyuma wa chombo, kuna pete. Kwenye usukani kuna kidole kinachoshuka ndani ya pete. Vyote vina mikono miwili ya ukanda inayokumbatia mbao kulia na kushoto.

Chora ukanda wa milimita 3 kwenye bapa kwa ncha ya msumari. Penseli ina mstari mnene mno. Usikate kwa mkasi wa mabati kwa sababu unakunja ukingo. Tumia msumeno mwembamba wa sonara, na kama hamna, kata nje ya mstari kwa msumeno wa chuma kisha punguza kwa tupa. Kata ukanda mmoja mrefu unaotosha vipande vyote, uupige tupa wote pamoja, ndipo uvigawe. Hivyo vyote vitakuwa na upana mmoja. Fundi anayekata kipande kimoja kimoja hatapata viwili vinavyofanana mpaka arudi kwa muumba wake.

Lainisha. Tafuta msumari wenye unene sawa na waya utakaokuwa kidole. Zungusha ukanda katikati yake kwenye msumari ule, ubane kwa plaisi karibu kabisa na msumari, na mikono miwili ielekee upande mmoja. Umepata tundu na miguu miwili. Panua miguu ilingane na unene wa mbao zako: usukani wa kweli wa sentimita 10 ni milimita 5 kwako. Toboa matundu ya misumari miguuni kwa keekee ndogo. Sindano ya kushonea iliyovunjwa kwenye jicho na kunolewa ni ncha nzuri ya keekee kwa shaba nyembamba, ila ishikwe fupi.

Kila kipande ni pete. Kinachokwenda kwenye usukani kitiwe kipande cha waya kinachotokeza chini milimita 4, kilehemiwe, ndicho kidole.

Kufunga ndipo watu wengi wanapokosea, kwa sababu wanafunga kimoja kimoja. Pitisha waya mmoja ulionyooka ndani ya pete zote za fashini kwa pamoja, ndipo uzipigilie. Waya ukipita bila kulazimishwa, mstari ni mmoja. Toa waya, ning'iniza usukani. Ukigeuza kana kwa pumzi ya mdomo na usukani ukafuata, kazi imekubali.

Pete, misumari na nanga

Pete hazihitaji maneno mengi. Zungusha waya kwenye msumari kama springi, kata springi kwa msumeno kutoka juu hadi chini, utapata pete kumi kwa mara moja. Funga kila moja kwa plaisi mbili, lehemu mahali ilipokutana.

Misumari msiifanyie vichwa. Kwenye jahazi la kweli mara nyingi kichwa kimezamishwa ndani ya ubao, unachoona ni kitone tu. Toboa tundu la milimita 1, tia gundi, ingiza waya, kata, piga tupa mpaka iwe sawa na ubao. Fuateni nafasi mlizoandika daftarini, si kuweka misumari popote panapopendeza.

Nanga ya kucha nne: kata waya nne za 1.5, kila moja sentimita 8. Zilainishe sasa, maana baada ya kulehemu moto mkali hauruhusiwi tena. Zifunge pamoja kwa waya mwembamba, lehemu sentimita 5 za juu. Tatu zilizobaki zikunjwe nje kama mbavu za mwavuli, ncha zigongwe bapa juu ya chuma na kunolewa. Juu tia pete moja. Ni nanga ya mita moja kwa kipimo chetu.

Kulehemu bila kujidhuru

Safisha shaba mpaka ing'ae, usiiguse tena kwa kidole. Pasha moto kitu chenyewe, si lehemu. Kikiwa na joto la kutosha lehemu itakimbia yenyewe kwenye ufa. Kama hakuna stima, kipande kinene cha shaba kilichotiwa mpini na kupashwa kwenye jiko la makaa kinafanya kazi.

Lehemu nyingi za mafundi wa redio zina risasi. Ikipatikana isiyo na risasi nunueni hiyo, ingawa bei iko juu. Fanyeni kazi penye upepo, msile wala kuvuta sigara mkifanya, msishike waya kwa meno, mnawe kwa sabuni. Vumbi la tupa lifutwe kwa kitambaa chenye maji, lisifagiliwe likaruka. Akina mama wajawazito na watoto wasikae hapo. Na mtu asifikirie kuyeyusha betri ya gari ili apate risasi ya bure. Wasomaji wa Mombasa wanakijua kijiji cha Owino Uhuru, ambako watu walidhuriwa na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri. Julai 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea mpaka Mahakama ya Juu mwaka 2024. Pesa haitoi risasi iliyoingia mwilini mwa mtoto.

Rangi ya vyuma

Wengine wanang'arisha shaba mpaka inamulika. Sisi hatupendi. Vyuma vya jahazi ni vyeusi, vimekula chumvi. Shaba nyekundu inatiwa weusi kwa yai: lichemshe ligande, liponde likiwa moto, liweke ndani ya mkebe wenye kifuniko pamoja na vyuma vyako bila kugusana, acha usiku kucha. Futa kwa nta ya mshumaa. Shaba ya manjano haikubali vizuri, ipakeni rangi nyeusi isiyong'aa, nyepesi kabisa.

Kuhusu kugawana kazi, si lazima kila mtu ajue yote. Katika Kutoka sura ya 31 Bezaleli alifanya kazi ya dhahabu, fedha na shaba, lakini alipewa Oholiabu wa kumsaidia. Mwenye macho mazuri na subira ashike vyuma vya kikundi kizima, na hesabu ya saa zake iandikwe daftarini. Vikundi vingi vinalipa mbao na kusahau saa, halafu fundi wa vyuma anaondoka kimya kimya.

Kabla ya mkutano wenu ujao, wawili waende ufuoni na futi. Wengine walete mita mbili za waya wa 1.5, kitasa kibovu na tupa ndogo. Jadilianeni: nani atakaa na daftari la vipimo? Kazi ya kulehemu ifanyiwe wapi, mbali na jikoni? Kisha kila mmoja atengeneze pete moja na chuma kimoja cha usukani, viwekwe mezani pamoja, mchague kilicho bora kiwe mfano wa kikundi.