Uzio na Lango: Mkaguzi Hutazama Nini?



Wengi wetu hupima uzio kwa urefu wake. Mkaguzi wa makazi huanza na swali jingine: uzio huu umewekwa ufanye kazi gani?

Tuchukue mfano wa Marekani, ambako Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji hukagua makazi ya umma. Utaratibu uliotumika huko kwa miaka mingi, kabla ya ule ulioanza Julai 2023, ulitofautisha aina mbili. Ya kwanza ni uzio wa ndani usio wa ulinzi, kama ule unaotenga bustani. Huo ukiinama, kasoro ilihesabiwa kuwa ndogo. Ya pili ni uzio wa nje unaolinda makazi. Huo ukiwa na tundu linalozidi inchi 6 kwa 6, yaani sentimita 15 hivi kila upande, kasoro iliwekwa katika daraja la juu, kwa kuwa mnyama aweza kupenya na mtoto kudhurika.

Kanuni mpya hulipima lango kwa matendo manne: kufunguka, kufungika, komeo kushika na kufuli kufanya kazi. Zingatieni kwamba lango lisilofunguka ni kasoro, kama lilivyo lango lisilofungika. Kwa hofu ya wezi, baadhi yetu hufunga lango kwa mnyororo, na ufunguo hubaki kwa mtu mmoja. Moto ukizuka usiku, ngome hiyo hugeuka mtego kwa waliomo.

Basi, uzio wako uwe wa matofali, wa seng'enge au wa minyaa, uzungukie jioni moja ukijiuliza:

1. Sehemu hii inalinda, au inapamba tu?
2. Kuna nguzo iliyolegea au pengo linalompitisha mtoto?
3. Je, kila mtu mzima nyumbani aweza kulifungua lango gizani?

Anza kutengeneza penye hatari, si panapoonekana na wapita njia. Ukikuta seng'enge imekatwa usiku, usiguse kitu; mjulishe jirani, kisha toa taarifa polisi, kwani aliyepita kwako huenda akapita kwake pia.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.