Utafutaji Unapotekwa na Trojani

Mara nyingi tunaulizwa: kwa nini nikibofya tokeo la utafutaji, hufunguka tovuti nisiyoiomba? Huenda kompyuta imeingiwa na trojani, yaani programu hasidi inayojivika sura ya kitu cha manufaa. Haivunji mlango, hukaribishwa na mwenye nyumba.

Programu iliyoitwa DNSChanger ilijionyesha kuwa ya lazima ili kutazama video. Aliyeipakua alibadilishiwa, bila kujua, seva ambazo kompyuta huziuliza anwani ya kila tovuti. Ni sawa na kumwuliza njia mtu aliyelipwa akupoteze. Watuhumiwa 6 walipokamatwa nchini Estonia, Novemba 2011, kompyuta zipatazo milioni 4 katika nchi zaidi ya 100 zilikuwa zimeambukizwa, na matangazo ya hila yalikwisha kuingiza angalau dola milioni 14. Ilizuia pia masasisho ya programu za kukinga virusi, hivyo mlinzi naye alifungwa macho.

Ukiona dalili hiyo, tunakushauri usiingize nywila ya benki katika kompyuta hiyo. Ibadilishe kwa kutumia kifaa kingine kilicho salama. Kisha ichunguze kompyuta kwa programu ya kukinga virusi iliyosasishwa, na ukague mipangilio ya mtandao pamoja na ya ruta, jambo ambalo wengi hulisahau. Kufuta trojani peke yake hakurudishi anwani zilizobadilishwa: seva safi za muda zilizowekwa baada ya ukamataji ule zilipozimwa tarehe 9 Julai 2012, kompyuta ambazo mipangilio yake haikuwa imerekebishwa zilishindwa kufungua tovuti.