ADABU ZA KAMBI YA WANAFUNZI

Kila likizo inapokaribia, mtoto huja nyumbani na barua kutoka shuleni. Barua yasema ya kwamba wanafunzi watakwenda kupiga kambi siku tatu au nne, na mzazi aombwa kutoa blanketi, sahani, kikombe na fedha kidogo. Mzazi mwingine hufurahi. Mwingine huguna, akasema, "Mtoto wangu ana kitanda, ya nini kwenda kulala porini?" Neno lake si la kuchekwa. Kambi njema humfunza mtoto mambo ambayo ubao wa darasani hauwezi kumfunza, na kambi mbaya yaweza kumwumiza kwa usiku mmoja tu. Tena ukizitazama mchana, kambi hizi mbili zafanana: mahema yale yale, bendera ile ile, na uji ule ule ulioungua. Zatofautiana kwa adabu, na adabu hizo lazima ziwekwe kabla jua halijachwa. Leo twataka kuzieleza, ili mwalimu ajue la kufanya, na mzee wa kijiji ajue la kuuliza watu wanapomjia kuomba kiwanja.

Kwanza tutazame kambi moja ya zamani ambayo wengi wameifuata. Katika bandari ya Poole, kusini ya Uingereza, kuna kisiwa kidogo kiitwacho Brownsea. Huko, mwezi wa Agosti mwaka 1907, mwanajeshi mmoja, jina lake Robert Baden-Powell, alikusanya wavulana wapatao 20, akakaa nao karibu juma zima. Huyu ndiye aliyeanzisha chama cha Skauti. Wasomaji wa Kenya wamjua zaidi, maana alikuja kumalizia uzee wake Nyeri, akafa huko tarehe 8 Januari 1941, na kaburi lake liko huko hata leo.

Jinsi alivyowapanga wavulana wale yafaa kuangaliwa sana. Wengine walikuwa wana wa watu wenye mali, waliosoma katika shule za gharama. Wengine walikuwa wana wa wafanya kazi wa miji ya Poole na Bournemouth. Wale wa kwanza walitoa pauni 1 kila mmoja, na wale wa pili shilingi 3 na peni 6. Lakini walipofika kisiwani hapakuwa na hema la matajiri wala hema la maskini. Aliwachanganya, akawagawa katika vikundi vinne, na kila kikundi kikapewa jina la mnyama au ndege: Mbwa mwitu, Fahali, Kunguru, na Sululu, yule ndege wa pwani mwenye mdomo mrefu uliopinda. Kila mvulana alivaa begani nyuzi za rangi ya kikundi chake. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi, mvulana mwenzao, naye ndiye aliyeulizwa habari za mwenendo wa wenziwe. Asubuhi waliamshwa kwa pembe ya tandala, ambayo Baden-Powell aliipata katika vita vya Matabele. Baada ya chakula cha mchana wote walipumzika kimya. Na kila usiku kikundi kimoja kilipewa posho yake ya unga, nyama, mboga na chai, kikaenda kulala mbali kidogo na wengine, kikajipikia chenyewe na kuweka zamu ya ulinzi. Mdogo wa watu wote kambini alikuwa na umri wa miaka 9 tu, naye ni mtoto wa kaka yake Baden-Powell.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu walimu wengi huiga kofia na filimbi ya skauti, wakaacha mpango wenyewe. Mwalimu anayewachukua watoto 60 wakawa fungu moja, kisha akapiga kelele usiku kucha kuwanyamazisha, amejitakia. Mtoto mmoja aweza kuangalia wenziwe sita au saba, akajua nani hakula, nani ana homa, nani hayuko. Hakuna mtu awezaye kuangalia 60 gizani, hata awe mkali namna gani.

Sasa nitasimulia jambo nililoliona kwa macho yangu, nalo si la kunipa sifa. Shule yenyewe sitaitaja. Nilikuwa na umri wa miaka 15, tukaenda kupiga kambi karibu na kijiji kimoja chenye mto mdogo. Mchana mambo yote yalikwenda vizuri. Bendera ilipandishwa, mistari ilinyoka, na mgeni aliyetutembelea alitusifu mno. Mwalimu wetu mkubwa akaona kazi imekwisha. Alipokwisha kula akaenda kulala katika nyumba ya mwenyeji wetu, akatuacha na viranja. Basi wavulana wakubwa walikuwa na desturi yao, waliyoirithi kwa wakubwa waliowatangulia, ya kumpima mgeni. Usiku wa manane wakamwamsha mtoto wa kidato cha kwanza, mdogo kuliko sote, wakampa ndoo, wakamwamuru aende mtoni bila taa akateke maji. Tochi ilikuwa mkononi mwangu. Niliambiwa niizime, nikaizima.

Tulikaa tukicheka, tukingoja arudi analia. Hakurudi. Kicheko kikapungua, tukaanza kumwita kwa sauti ndogo, maana tulimwogopa mwalimu kuliko tulivyomhofia mtoto. Alfajiri mama mmoja aliyekuwa akienda shambani alisikia mtu akiugua ndani ya shimo lililochimbwa udongo wa matofali. Mguu wa yule mtoto ulikuwa umevunjika, na baridi ilikuwa imemwingia hata meno yakagongana. Yule mama akavua kanga yake ya juu akamfunika, kisha akapiga yowe.

Mtoto alipona, lakini katika shule ile hakurudi tena. Baba yake alipokuja hakumtukana mtu. Aliomba apewe blanketi na sahani ya mwanawe, akaondoka.

Wako watu wasemao ya kwamba mambo kama haya humkomaza kijana. Mimi sikubali. Shida za kambi zilizo za haki zinatosha kukomaza: kuokota kuni, kulala chini, kula ugali uliopikwa na mwenzako asiyejua kupika, kuamka zamu ya usiku nawe una usingizi. Shida hizi huwapata wote, tena wote huzicheka pamoja baadaye. Lakini shida anayopewa mmoja ili wengine wafurahi haimfunzi ushujaa. Humfunza kungoja mwaka wake, naye apate wa kumtesa. Wale wavulana wa Brownsea waliolala nje usiku walikwenda kikundi kizima, na posho yao, na mlinzi wao. Ndoo yetu ilikuwa jambo jingine kabisa.

Kwa hiyo adabu za usiku ndizo za kwanza kuwekwa, nazo zitangazwe mbele ya wanafunzi wote jioni ile ya kwanza, si baada ya kosa. Majina yaitwe jua linapokuchwa, na yaitwe tena asubuhi. Asiondoke mtu kambini peke yake, hata kwenda chooni gizani. Aende na mwenziwe na taa. Wavulana na wasichana walale mahali mbalimbali, na kama wasichana wamo, basi walimu wanawake wawemo pia. Watu wazima walale katika hema lao wenyewe, karibu kiasi cha kusikia mtoto akiita, wala wasilale ndani ya mahema ya watoto. Tena watu wazima wawili wapokezane kukesha.

Na hili yafaa tuliseme wazi, ingawa baadhi ya wakubwa hawapendi kulisikia. Mtu mzima asimwite mwanafunzi mmoja hemani mwake, usiku wala mchana. Akitaka kumwonya, amwonye mahali ambapo wengine wawaona, hata kama hawasikii maneno. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 na ile ya Kenya ya mwaka 2022 zote mbili zasema ya kwamba aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Basi kijana wa kidato cha nne mwenye ndevu changa angali mtoto mkononi mwa mwalimu. Mwalimu mwema haoni kanuni hii kuwa ni matusi, maana yamlinda yeye pia asisingiziwe. Kadhalika watoto waambiwe jina la mtu mmoja, asiye mkuu wa kambi, ambaye waweza kumwendea wakionewa. Mtoto aliyeonewa na kiranja hawezi kumshitaki kiranja kwa kiranja.

Juu ya adhabu nitasema kidogo. Asinyimwe mtu chakula wala maji wala blanketi, wala asisimamishwe nje usiku. Aliyekosa apewe kazi ya faida iliyo mbele ya macho ya wote, kama kuosha masufuria. Na kosa likiwa kubwa, arudishwe kwa wazazi wake, akifuatana na mtu mzima.

Sasa nawageukia wenye ardhi. Kambi ni mgeni, na mgeni hapigi hodi akiwa amekwisha kuingia. Siku kadhaa kabla, mwalimu aende mwenyewe kwa wakubwa wa kijiji, aseme watakuja watu wangapi, siku ngapi, na watateka maji wapi. Naye mzee akubalipo awaonyeshe mipaka: njia ya kupita, mti usiokatwa, makaburi, kisima cha wanawake na saa zao za kuteka, mahali pa ng'ombe kunywa maji. Haya wageni hawawezi kuyajua wasipoambiwa, na mara nyingi mwenyeji huyanyamazia kwa heshima, kisha akalalamika wamekwisha kuondoka.

Wanafunzi nao wajue ya kwamba shamba halina ukuta lakini lina mwenyewe. Mtoto mmoja huona muwa mmoja si kitu. Wakiwa 60, na kila mmoja akavunja wake, mwenye shamba amepoteza karo ya mwanawe. Wakipita watu wawaamkie, "Shikamoo mzee," "Shikamoo mama," wala wasiendelee na nyimbo zao kana kwamba wamepita miti. Pakiwa na msiba kijijini, ngoma na nyimbo za moto wa kambi zinyamaze usiku ule. Mwalimu aende na wanafunzi wachache kuwapa pole wafiwa. Na kwa kuwa siku hizi simu zapiga picha, wakatazwe kumpiga mtu picha bila idhini yake, hasa watu wanaooga mtoni, na watoto walio uchi, na nyumba ya maskini. Nimeona picha za namna hiyo zikizungushwa shuleni kwa kicheko, wala sijui mwenyeji angesema nini angaliziona.

Mambo ya afya walimu wengi wayajua, basi nitapita upesi. Choo kichimbwe mahali palipo chini kuliko kisima, mbali na maji kwa hatua 50 au zaidi, na kila aliyekitumia atupie udongo. Maji ya kunywa yachemshwe hata yatokote sawasawa. Mtoni, wanaoteka wawe juu, wanaooga na kufua wawe chini. Vyandarua visisahauliwe. Moto uwashwe mahali palipofyekwa majani, na usiku uzimwe kwa maji hata majivu yapoe mkononi. Jiko la mkaa lisiingizwe hemani kamwe, hata kwa kuota baridi. Hewa yake yenye sumu haina harufu wala rangi, nayo huua watu wangali usingizini.

Siku ya kuondoka kila kikundi kisimame mstari mmoja, kipite kiwanja chote polepole, kikiokota kila karatasi na kila uzi. Mashimo ya choo na ya takataka yafukiwe, matundu ya vigingi yakanyagwe, na kuni zilizobaki wapewe wenyeji. Kisha mwalimu na viongozi wa vikundi waende kuaga, wamwombe mwenyeji aje mwenyewe akague kabla gari halijaondoka. Kama kuna kilichoharibika, kilipwe hapo hapo.

Mwaka uliofuata ule wa ndoo, shule yetu ilitaka kurudi katika kijiji kile kile. Wakati huo nimekwisha kuwa kiongozi wa kikundi, nikafuatana na mwalimu mgeni kwenda kuomba kiwanja. Yule mzee mwenyeji alitupokea vizuri, akatupa viti, akatusikiliza mpaka mwisho. Mwalimu alieleza habari za mahema mapya na masomo ya ramani. Mzee akasema, "Mwalimu, kiwanja kipo. Lakini nitajie kwanza usiku nani atakuwa macho."

Mwalimu alitoa daftari mfukoni, akasoma majina ya walimu wawili kwa kila usiku, na saa zao. Mzee akamwomba ayasome tena, akayarudia kwa midomo yake. Kisha akasimama, akachukua bakora yake, akatupeleka kutuonyesha lile shimo la udongo wa matofali, lililokuwa limekwisha kuzungushiwa miba.