Somo la Robo Hii: Kasa, Mvuvi na Mfadhili



Kamati nyingi za parokia hutuuliza: tufanyeje pale uhifadhi unapogusa riziki ya jirani? Ili tujifunze, tulitembelea kituo cha kuokoa na kutibu kasa kilichopo Watamu, Kaunti ya Kilifi, nchini Kenya. Kinaendeshwa na shirika la Local Ocean Conservation, lililoanza mwaka 1997 kwa jina la Watamu Turtle Watch.

Kazi ya kituo

Kasa hufikishwa hapa wakiwa na majeraha ya nyavu na ndoana, uvimbe wa maradhi, au plastiki tumboni. Anayemeza plastiki huziba utumbo, hujaa hewa, akabaki anaelea. Hawezi tena kuzama kutafuta chakula. Kumtibu huweza kuchukua miezi, kwa kuwa mwili wa kasa hupona polepole.

Lakini kazi kubwa zaidi hufanyika nje ya kituo. Tangu mwaka 1998, mvuvi anayemkuta kasa hai wavuni hupiga simu. Watumishi huja, humpima, humwekea namba kwenye pezi na kumwachia baharini. Akiwa mgonjwa hupelekwa kituoni. Mvuvi hupewa fedha kidogo ya kufidia simu na muda wake. Kwa njia hii zaidi ya kasa 20,000 wamerudi baharini.

Tunajifunza nini?

1. Fidia si bei. Malipo yangekuwa makubwa, mtu angeweza kuwatega kasa makusudi. Kwa hiyo ni madogo kuliko thamani ya nyama na mafuta yake sokoni. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inamlinda kasa, lakini askari hawezi kuwapo kila ufukoni. Pengo lililobaki huzibwa na uaminifu, nao hujengwa kwa kuitika simu kila inapopigwa.

2. Mwenye shida awe mshirika. Mvuvi ndiye anayemwona kasa kwanza. Angehesabiwa kuwa adui, asingepiga simu.

3. Tutibu na chanzo. Kumtibu kasa mmoja aliyemeza plastiki ni kazi ya miezi. Kuzuia mfuko usifike baharini ni kazi ya jamii nzima. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, ila chupa na kamba chakavu bado zinafika baharini.

4. Muda. Kasa aliyeanguliwa leo huhitaji miaka 20 au zaidi kabla ya kurudi ufukoni kutaga. Miradi yetu mingi hupewa miaka 3. Fedha ikikatika na simu ya mvuvi isipoitikwa mara mbili tatu, hatapiga tena. Wafadhili wetu, tunawaomba mlipime jambo hili: mchango mdogo usiokatika unaweza kufaa kuliko mkubwa wa mara moja.

Maswali ya kujadili katika kamati

– Katika mradi wetu, nani ndiye "mvuvi", yaani mtu ambaye bila hiari yake kazi haisimami? Tumewahi kumsikiliza?
– Posho tunazotoa ni fidia au zimegeuka kuwa bei?
– Fedha ya nje ikikoma, ni sehemu gani ya kazi tunaweza kuiendesha wenyewe?

Tafadhali andikeni majibu yenu katika kumbukumbu za kikao, mtuletee nakala kabla ya toleo lijalo.